Nusura Baba Apasuliwe Mara ya Pili

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mwenye kutaka kucheka na acheke sasa amalize. Maana nitasema habari ya tumbo la mzee na upepo wake, na mzee mwenyewe ni babangu mzazi, na sitapindisha maneno. Kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la watu wazima, mtoto mgongoni, kwa hiyo maneno ya mapambo sinayo. Nina hasira. Nimekaa nayo tangu miaka ile ya mwanzo ya uhuru, haijapoa, na sioni kwa nini ipoe.

Babangu alikuwa mtu wa Majoreni. Ujanani alikata miwa Ramisi mpaka mgongo ukakataa, kisha akarudi kwao kulima mihogo na kutazama minazi yake michache, na kuswalisha watu siku ambazo imamu hayupo. Alikuwa mtu wa haya kupita kiasi. Hakupata kuonekana kifua wazi mbele ya mkwe. Hata kikohozi alikohoa ameziba mdomo kwa ncha ya kikoi. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeshikwa na ngiri.

Kwa asiyejua, ngiri ni utumbo kutoka mahali pake ukashuka kwenye kinena ukafanya uvimbe. Ukilala chali unarudi. Ukibeba mzigo unatoka. Siku moja hutoka usirudi, ukajibana pale ulipopenya, damu isifike, ukaanza kuoza ndani ya mtu aliye hai. Babangu alikuwa na uvimbe huo miaka mingi, akiufunga kwa kitambaa ndani ya kikoi, na hakumwambia mtu. Hakumwambia mamangu alipokuwa hai, hakumwambia kaka yangu, wala mimi. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alinyamaza, alisema, "Mahali penyewe." Mahali penyewe! Kana kwamba mahali hapo alipaumba mwingine.

Ulipojibana, mimi nilikuwa kwangu karibu na Ramisi, ambako mume wangu alifanya kazi kiwandani. Nikaletewa habari kwamba mzee anatapika tangu jana. Nikaenda mbio. Nilimkuta amejikunja ubavu, rangi ya majivu, tumbo limekaza kama ngoma. Kaka yangu, ndiye mkubwa wetu, alikuwa ameshamleta mkandaji akamkanda kwa mafuta ya nazi, halafu akamnywesha mafuta ya nyonyo ili apate choo. Mafuta yote yalirudi kwa mdomo. Utumbo umefungwa kama mdomo wa gunia, wao wanausukuma kwa nyonyo.

Nikamwambia, "Kaka, tumpeleke hospitali."

"Hospitali watampasua."

"Basi na wampasue."

"Mzee wa umri huu hapasuliwi, wewe. Atafia juu ya meza, uchi, mbele ya watu asiowajua. Unataka babako afe uchi?"

"Nataka asife."

"Umri wake umefika."

"Nani kakuonyesha?"

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Wanaume wawili wa jirani waliokuwa wamekaa barazani wakaitikia kwamba kaka anasema kweli, mzee ameishi vya kutosha, bora apumzike kwake, asomewe, azikwe kwa heshima. Wamekaa wanakunywa chai yangu, nimewapikia mwenyewe, na mgonjwa anawasikia kupitia ukuta wa udongo! Sijui nani aliwaambia kwamba mzee akizeeka masikio nayo huzikwa mbele.

Mume wangu, Mungu amrehemu, hakubishana na mtu. Alikwenda zake barabarani akazungumza na dereva wa lori la miwa, lori likaja, tukamlaza baba juu ya magunia. Kaka alipanda pia, maana asingekubali kusemwa kwamba mzee aliondoka bila mwanawe wa kiume. Njia nzima alinipa kisogo.

Jina la hospitali silitaji. Daktari wa kupasua alikuwa Mzungu mrefu, mwenye Kiswahili cha kuagizia chai tu. Maneno yake yalipitia kwa dresa, msaidizi wake wa wodini, kijana wa bara, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Daktari alimpapasa baba mara moja akakunja uso. Dresa akatwambia: akipasuliwa, moyo wa mzee huenda usistahimili dawa ya usingizi, asipopasuliwa, kesho hatuna mzee. Kaka alitazama dari. Baba mwenyewe ndiye aliyenyoosha kidole chake kitiwe wino. Neno alilosema lilikuwa moja tu: "Mnifunike miguu."

Walimkata kipande cha utumbo kilichooza, kiasi cha shubiri, wakashona ncha mbili zikawa moja. Alitoka akiwa na mpira puani unaovuta uchafu wa tumboni, na maji yakiingia mkononi kwa sindano. Alipofungua macho alitafuta shuka kwanza. Akajifunika mpaka kidevuni, ndipo akanitazama.

Kwa sababu alikuwa mzee na hana mke, niliruhusiwa kumwuguza mchana, ijapokuwa ilikuwa wodi ya wanaume. Jioni nilikwenda kulala kwa mama mmoja wa ukoo wetu. Nilifundishwa kazi na nikaifanya. Mzee akilala chali siku nyingi mapafu hujaa, kwa hiyo nilimkalisha. Akitaka kukohoa, nilimbania mto tumboni ili mshono usimuume, nikamwambia, kohoa baba, kohoa kwa nguvu, acha adabu. Nilimgeuza kila baada ya muda ili mgongo usichubuke. Nilimshika kwapani akasimama, akapiga hatua tatu, akaketi anatweta. Nililowesha kitambaa nikamfuta midomo, maana amri ilikuwa kwamba asipewe kitu mdomoni, hata tone, mpaka utumbo uamke.

Na utumbo ukiamka hujulikana kwa jambo moja. Dresa alitueleza mimi, mume wangu na kaka, tumesimama kando ya kitanda: mtu akishakatwa utumbo, utumbo hulala. Ukiamka, upepo hutoka chini. Upepo ukitoka, njia iko wazi, mgonjwa hupewa maji, kesho yake uji mwepesi. Usipotoka, huenda pale paliposhonwa pameziba, na dawa yake ni kufungua tena. Jambo jepesi kama hilo. Mtoto mchanga angelimaliza kwa dakika moja.

Lakini tazameni lilivyoulizwa.

Asubuhi ya tatu, daktari amesimama, dresa ameshika karatasi zake miguuni pa kitanda, mume wangu ameketi kwenye kibao ubavuni mwa baba. Dresa akapaza sauti kama anayeita abiria:

"Mzee! Umejamba?"

Mimi nilitamani sakafu inimeze. Nyinyi wa siku hizi mnasema maneno makubwa kuliko hayo mkiwa mezani, lakini kwetu neno lile halisemwi mbele ya mtu mzima, na mbele ya mkwe halifikiriwi. Mkwe ni mtu wa kufichiwa. Babangu hakupata kula chungu kimoja na mume wangu. Alipomwona anakuja njiani alikuwa akirekebisha kofia. Na sasa mtoto wa watu anamwuliza hivyo, mkwe yuko pale, magoti yake yanagusa kitanda.

Baba akasema, "Hapana."

Dresa akaandika.

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa mzee wa Kikamba, mmoja wa wale watu wa bara waliopewa mashamba Shimba. Naye alikatwa utumbo, siku moja kabla ya baba. Alipoulizwa swali lile lile aliinua mkono juu kama mwanafunzi. "Mimi nimepiga tatu! Andika tatu, na ya nne inakuja!" Wodi nzima ikacheka, dresa akacheka, hata daktari, ambaye hakuhitaji kufasiriwa. Adhuhuri yule mzee aliletewa kikombe cha maji, na kesho yake uji. Akaunywa kwa kuvuta, sauti inasikika mlangoni, na babangu amegeukia ukutani hajaonja kitu siku nne.

"Mzee mwenzangu wa Pwani," Mkamba akamwambia, "hilo tumbo lako lina kufuli? Ama ufunguo uliuacha Majoreni?"

Mimi ndiye niliyejibu. Nikamwambia, "Mzee, kunywa uji wako uache wagonjwa wa watu."

"Pole mama. Mimi nacheka ili nisilie, huu mshono unaniuma." Kisha akaongeza polepole, "Lakini huyo babako, mama, hebu mwangalie vizuri."

Sikumwelewa. Nilimwona mzee wa matani tu.

Siku ya nne, "Hapana." Siku ya tano, "Hapana." Kila asubuhi dresa na sauti yake ile ile, kila asubuhi mume wangu kwenye kibao chake. Alikuwa ameomba ruhusa kazini ili amkalie mkwewe, toka asubuhi mpaka jioni, kwa sababu hivyo ndivyo mkwe mwema anavyofanya; asipoonekana, watu husema binti ameolewa na jiwe. Aliondoka kwenda kuswali tu. Alimpepea baba kwa karatasi, alimfukuzia nzi. Na tumbo la baba likifika alasiri limejaa, linang'aa, na jasho linamtoka kwenye paji la uso. Daktari aliweka chombo chake cha kusikilizia, akasema anasikia kunguruma, lakini kunguruma peke yake hakumtoshi, kwani hata utumbo ulioziba hunguruma ukitafuta njia.

Siku ya sita daktari alikaa kitandani kabisa, akasema na dresa kwa muda. Dresa safari hii alishusha sauti. Ajabu, kumbe alijua kuishusha! Akasema, "Mama, kesho asubuhi kama bado, tunamfungua tena."

"Atastahimili?"

Akamwuliza daktari. Daktari akasema maneno machache huku anatazama viatu vyake. Dresa akasema, "Amesema mzee wa umri huu, amekaa bila kula, kufunguliwa mara mbili ndani ya juma moja, ni shida sana kutoka."

Kaka yangu alifika saa nne. Akaambiwa. Akatikisa kichwa akasema, "Nilisema."

Hilo neno "nilisema" nalichukia kuliko matusi. Mtu hakusaidia kubeba, hakusaidia kugeuza, hakushika mto, ameweka neno lake akiba siku sita ili mzee akiwa taabani alitoe. Nilimwambia, "Ulisema. Sasa nenda ukaseme nje."

Akaenda kweli, akaketi chini ya dirisha, tukawa tunamsikia anawaeleza watu.

Sasa nisikilizeni hapa. Baba hakuacha swala hata moja akiwa pale. Hakuweza kutia udhu kwa maji, kwa hiyo alitayamamu, akajitwaharisha kwa vumbi. Nilikuwa nimemletea vumbi safi ndani ya sahani ya bati. Mara ya kwanza dresa alilitupa, akasema, "Huu uchafu wodini ni wa nini?" Nikaleta lingine, nikalifunika kwa kitambaa, nikamwambia akilitupa hili nalo nitamletea ndoo nzima. Baba alikuwa akigusa vumbi, anapaka uso, anagusa tena, anapaka mikono, kisha anaswali amelala, kwa kuashiria macho.

Adhuhuri ile mume wangu aliondoka kwenda msikitini. Nilimpa baba sahani, akatayamamu, nikairudisha chini ya kitanda, nikageukia dirishani nimpe faragha. Nikamsikia anasema, "Mama, hebu lete tena ile sahani."

Babangu akiwa mpole huniita mama. Nikadhani amesahau, uzee na njaa. Nikampa, akapaka upya, akaswali.

Alasiri mume wangu akatoka tena. Sahani. Akatayamamu. Nikamwona amefumba macho, uso umelegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Halafu, "Lete tena."

Nikasimama na sahani mkononi. Mtu hatayamamu mara mbili kwa swala moja bila sababu. Hakulala hata useme usingizi. Hakutokwa na damu. Hajakojoa, chombo cha mkojo nilikuwa nacho mimi. Vitu vinavyobatilisha udhu tulifundishwa chuo cha Kurani tungali wadogo, tukivitaja kwa kuimba, na kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Baba aliweza kumdanganya daktari. Kumdanganya Mola wake hakuthubutu.

Basi nikaelewa yote kwa mpigo. Upepo ulikuwa unatoka, na haukuanza leo. Ulikuwa unatoka usiku, na dakika zile chache za mchana ambazo mkwe hayupo. Saa zingine zote mzee alikuwa anaubana, mchana kutwa, na utumbo mbichi wenye mshono, ndiyo sababu tumbo lilijaa likang'aa. Na asubuhi akiulizwa mbele ya mkwe anasema hapana, na hapana hiyo inaandikwa, na kwa hapana hiyo kesho watamchinja.

Nikamwambia, "Baba, umetokwa na upepo."

Akageuza uso.

"Baba, kesho watakupasua. Sema kweli."

"Ondoka, mwanangu." Hakuniita mama.

"Nimwambie daktari?"

"Ukimwambia, usinizike."

Ndivyo alivyosema. Afadhali kisu mara ya pili, afadhali kaburi, kuliko mume wa bintiye kujua kwamba baba mkwe ana tumbo kama la watu. Nililia, nitawaficha nini. Nililia kwa hasira hasa. Yule mzee wa Kikamba akainua kichwa kwenye mto wake. "Mama, mimi nilikuambia umwangalie. Nina masikio, na kitanda kiko karibu. Huyo mzee ni mzima kuliko mimi. Lakini mimi nikisema, atasema namtukana."

Mume wangu akarudi kutoka msikitini, akaja moja kwa moja kukalia kibao chake. Nikakivuta.

"Leo hukai."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Wewe ndiye unayemziba. Toka nje mpaka nikuite, na usirudi hapa ndani mpaka mzee aanze kula."

"Mke wangu, watu watasema nimemtupa mkwe."

"Waache waseme. Mzee akifa watakusifu, ndiyo unataka?"

Alifahamu nusu, nusu akaiacha. Akatoka taratibu huku anatazama nyuma. Kaka yangu aliona anatoka, akaja mlangoni mbio. "Kuna nini?" Nikampita. Nikaenda mpaka meza ya daktari, kwenye kichumba kile kinachonuka dawa, dresa amesimama kando yake, na pale ndipo nilipofanya jambo ambalo ukoo mzima ulinisema kwalo miaka.

Nikasema, "Babangu ametokwa na upepo. Leo mara mbili."

Dresa akatabasamu. "Wewe umesikia?"

"Sikusikia. Nimeona."

"Umeona upepo?" Akaanza kucheka.

"Usinichekee. Mfasirie daktari maneno yangu yote, usipunguze." Nikaeleza vumbi, swala, sahani mara mbili, mkwe kutoka na kuingia. Nikamwambia na hili, "Na ulipomwuliza mbele ya mkwewe ulimtukana. Kwenu labda si tusi. Kwetu ulimfunga mdomo, na mdomo huo ulikuwa unamwua."

Sijui alifasiri kiasi gani. Lakini masikio yake yaligeuka rangi, na kicheko kikaisha. Daktari alisikiliza, akauliza maswali mawili, akasimama. Nyuma yangu kaka yangu alikuwa mlangoni, amesikia kila kitu.

"Umemvua babako nguo," akaniambia.

"Wewe ulitaka nimvike sanda."

Daktari akaenda kitandani bila karatasi na bila dresa. Aliwatoa wageni wote, akavuta pazia, nami nikasimama upande wa nje. Nilimsikia anainama. Kwa Kiswahili chake kile kidogo, sauti ya chini, akasema, "Mzee. Upepo?"

Nilisikia kitanda kinalia, nilisikia yule Mkamba ameacha hata kukohoa. Kisha babangu akasema, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake kabla wala baada, "Ndiyo. Tangu juzi."

Tangu juzi! Siku mbili nzima nimemfuta midomo kwa kitambaa chenye maji, anakinyonya kama mtoto, na ruhusa ya kunywa alikuwa nayo mwenyewe mwilini.

Hawakumpasua. Jioni ile mpira wa puani ulifungwa, akapewa maji kwa kijiko, kijiko kimoja, baadaye kingine. Hayakurudi. Asubuhi tumbo lilikuwa limepungua, limelegea. Alipewa uji wa mchele mwepesi kama maji ya kuoshea, akaunywa amenigeuzia mgongo. Dresa, nimpe haki yake, kuanzia siku ile aliinama kwa kila mgonjwa akauliza sikioni. Lakini hakuwahi kuniomba radhi, na mimi sikumpa nafasi ya kudhani simdai.

Baba alikaa siku nyingine kumi, kisha akaruhusiwa. Nilikataa asirudi Majoreni kwa kaka. Kaka angempa muhogo mkavu siku ya kwanza ili aonyeshe watu kwamba mzee amepona. Nikamleta kwangu, nikampa chumba cha nyuma chenye mlango wake. Alikuja kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubisha. Lakini hakusema nami. Akitaka maji alimwambia mwanangu, "Mwambie mama yako naomba maji," na mimi nimesimama hapo hapo na kata mkononi. Wanawake kisimani waliniuliza, kwa sauti ya kujifanya wananihurumia, kama ni kweli nilitangaza ya mzee kwa Mzungu. Nikawajibu, ni kweli, na mzee yuko kwangu anakula, na wa kwenu yuko wapi? Mmoja alikuwa amemzika babake mwaka ule ule, kwa tumbo. Neno lile lilikuwa kali, najua. Sikulirudisha.

Mume wangu alifurahi kwamba sasa anaweza kumwuguza mkwe nyumbani kwake. Akitoka kazini aliingia kule chumbani, akaketi, akampepea. Nilikuwa na kazi zangu, sikutia maanani. Juma la pili niliingia na uji nikamkuta baba amejikunja ubavu, jasho kwenye paji, na mume wangu anasema, "Mzee leo amechoka kidogo."

Nikaweka bakuli chini. Nililijua lile jasho.

"Baba, tumbo linauma?"

"Haliumi," akamwambia ukuta.

Nikamtoa mume wangu. Sikumwomba, nilimshika mkono nikamtoa, nikafunga mlango, nikarudi nikachutama karibu na kichwa cha baba. Nikamwambia, "Hayupo mtu. Nipo mimi, nami nimeshakwisha kuvunjiwa heshima, hakuna zaidi. Choo?"

"Siku ya nne," akasema.

Niliona namna ilivyokuwa. Angelala pale na tumbo lake mpaka lipasuke lenyewe, nyumbani kwangu, nikipita na sufuria, kwa sababu mtu mmoja mwema amekaa ubavuni mwake akimpepea. Dawa yenyewe ilikuwa ndogo: papai lililoiva, maji mengi, kutembezwa ua mzima mara mbili, na chumba kitupu. Jioni mambo yalikuwa yamekwisha. Mambo madogo hivyo, ndiyo yangenilaza matanga.

Siku ile ile, kabla ya chakula, niliwaita wote ukumbini, mume wangu, watoto, na kaka yangu ambaye alikuwa amekuja kuangalia kama mzee anakonda. Nilisema kwa sauti, ili na baba kule chumbani asikie.

Nikawaambia, "Katika nyumba hii, kuanzia leo, mgonjwa hakaliwi. Mkwe atatoa salamu mlangoni, ataombea afya, ataondoka. Mtoto wa kiume vivyo hivyo. Asubuhi na jioni nitaingia mimi peke yangu, nitafunga mlango, nitauliza upepo, choo na mkojo, na mgonjwa atanijibu kweli, awe baba, awe mume, awe mimi mwenyewe mbele ya binti yangu. Atakayecheka hali chakula kwangu. Atakayekuja kuniambia nimevunja heshima, amchukue mgonjwa akamwuguze yeye. Haya, inukeni, mlango wa chumba cha baba muuache wazi upepo uingie, kisha kaka, wewe na bwana wangu, tokeni mkakae nje."